Ini halilii likiumia: tuyajue yanayolidhuru

Mswahili akiumizwa sana husema, "Umenikata maini." Wazee wetu waliliweka ini pahala pa uchungu na huruma. Ajabu ni kuwa ini lenyewe, likikatwa na maradhi, halisemi kitu. Haliumi kama jino likamwamsha mtu usiku. Mara nyingi mgonjwa hujua mambo yameharibika siku macho yamegeuka manjano, tumbo limejaa maji na miguu imefura. Hapo ndipo majirani huanza kunong'ona kuwa karogwa, na miezi ikapotea kwa waganga kabla hajafikishwa hospitali.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Hupokea damu inayotoka matumboni na chakula chake, likachuja sumu, likatengeneza nyongo, likaweka akiba ya sukari na kuunda vitu vinavyogandisha damu. Ndiyo maana mgonjwa wa ini hutokwa na damu kwa urahisi.

Tena ni kiungo chenye subira. Mwaka 1931 watafiti wawili, Higgins na Anderson, waliwakata panya theluthi mbili za ini, na baada ya wiki chache likarudi kimo chake. Basi kama ini lina uwezo huo, mbona watu wanakufa?

Jibu ni kovu. Mwaka 1876 Mjerumani Karl von Kupffer alieleza seli zenye umbo la nyota zilizo ndani ya ini. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kazi yao. Siku za amani huhifadhi vitamini A. Seli za ini zikijeruhiwa, hizi za nyota hubadilika na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Jeraha la mara moja hupona. Jeraha la kila siku, mwaka baada ya mwaka, huleta kovu juu ya kovu hadi ini likawa gumu, damu isipite vyema. Hiyo ndiyo sirosisi, na saratani ya ini hupata mlango hapo.

Wengi wetu tukisikia ini limeharibika, twadhani mgonjwa alikuwa mlevi. Pombe kweli huharibu ini. Lakini hata mtu wa swala tano ambaye hajaonja tembo maishani aweza kufa na ini. Natuangalie mambo matatu.

La kwanza ni virusi vya hepatitisi B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi navyo, na milioni 1.1 walifariki mwaka huo. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe mmoja wa kuchanjia chale watu kadhaa watosha. Kula sahani moja au kupeana mikono hakuambukizi. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda. Mtoto mchanga akiambukizwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki navyo miaka mingi, bila dalili, huku kovu likijengeka.

Chanjo ipo na imeonyesha kazi yake. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wake wachanga mwaka 1984, na miaka kumi baadaye saratani ya ini kwa watoto ilikuwa imepungua kama nusu. Hapa Kenya watoto hupata kinga hii katika zile sindano za wiki ya 6, 10 na 14, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Kwa hivyo mtu mzima akapimwe damu, na akikutwa hana virusi wala kinga, achanjwe. Akikutwa navyo, zipo tembe kama tenofovir zinazovituliza. Mama mjamzito naye aulizie kipimo hiki kliniki, maana mtoto akichanjwa mapema baada ya kuzaliwa hukingwa.

La pili ni sumu ya kuvu, aflatoksini, inayoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 Ukambani, Makueni na Kitui zikiumia zaidi, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Kuipika sima hakuiondoi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, hugusa chembe za urithi ndani ya seli na kuleta saratani. Utafiti wa Shanghai ulionyesha kuwa mwenye hepatitisi B anayekula pia sumu hii, hatari yake ya saratani ya ini hupanda kama mara 60. Hali yetu ya hewa ya joto na unyevu huipenda kuvu hii. Mahindi yakauke barabara kabla ya kutiwa guniani, gunia lisikae chini sakafuni, na punje zilizobadilika rangi zitupwe, asipewe kuku wala ng'ombe.

La tatu ni dawa tunazomeza ovyo. Parasetamoli ni dawa salama kwa kipimo chake. Ini likiivunja, hutoka sumu kidogo ambayo ini lina akiba ya kuizima. Tembe zikizidi, akiba huisha na seli hufa kwa wingi. Mtu mzima asipitishe tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24, na akumbuke kuwa dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Aliyezidisha akimbizwe hospitali hata kama hajisikii vibaya, kwani ipo dawa ya kuizima sumu hiyo, nayo hufaa zaidi ikiwahi. Mitishamba nayo si yote salama. Ukienda kwa daktari, mtajie bila haya kila ulichokunywa.

Seli za ini zikipasuka, vimeng'enya vyake humwagikia kwenye damu, na maabara huvipima kwa tone la damu tu. Usingoje macho yawe manjano. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya ya ini hujificha yenyewe hata bila kufichwa.