Dhiraa Moja na Ushei

Je, wajua kwamba ukicheza Counter-Strike, mchezo wa kompyuta wa kulenga shabaha, huku sensi, yaani wepesi wa kipanya, ikiwa 1, kila hatua ndogo inayohesabiwa na kipanya humgeuza mpiganaji wako digrii 0.022? Namba hiyo ni ya ukoo. Ilikuwamo kwenye Quake, mchezo wa mwaka 1996. Half-Life ikajengwa juu ya misingi ya Quake, na Counter-Strike ikazaliwa ndani ya Half-Life. Mpaka leo vijana wanalenga shabaha kwa kipimo walichorithi bila kujua.

Tupige hesabu. Mzunguko kamili ni digrii 360, kwa hiyo unahitaji hatua 16,364 hivi ili mpiganaji ageuke mpaka arudi alipoanzia. Kipanya kilichowekwa DPI 800 huhesabu hatua 800 katika kila inchi. Gawanya, utapata inchi 20 na nusu, yaani sentimita 52. Wauza vitambaa wa zamani wangekijua kipimo hicho kwa kutazama tu: ni dhiraa moja na ushei, kutoka kwenye kiwiko hadi kupita kidogo ncha ya kidole cha kati.

Mimi naamini sensi inapaswa kusemwa hivyo, kwa urefu ambao mkono unauelewa. Mchezaji akikuambia "mimi natumia 2", hajakuambia kitu. Sensi 2 kwa DPI 400 na sensi 1 kwa DPI 800 humgeuza mpiganaji sawasawa. Ukihamia mchezo wa Valorant mambo yanazidi kuchanganya, kwa sababu huko kila hatua ni digrii 0.07. Sensi yako ya Counter-Strike lazima uigawanye kwa 3.18 ili mkono usione tofauti. Namba hubadilika kila unapohamia mchezo mwingine, lakini sentimita 52 ni sentimita 52 popote.

Kipanya chenyewe hakijui digrii wala sentimita. Kile cha kwanza, kilichoundwa mwaka 1964 kutokana na wazo la Douglas Engelbart huko California, kilikuwa kibweta cha mbao chenye magurudumu mawili tumboni. Cha leo kina taa na kamera ndogo inayopiga picha za kitambaa kilichotandikwa mezani chini yake maelfu ya mara kwa sekunde, kisha kinalinganisha kila picha na iliyotangulia kuona nyuzi za kitambaa zimesogea kiasi gani. Ndiyo maana kwenye kioo kitupu vipanya vingi hupotea njia: hakuna alama za kulinganisha. Kamera hutoa hesabu ya hatua tu. Kuzigeuza hatua hizo kuwa digrii ni kazi ya mchezo, na sensi ni namba ya kuzidishia.

Hapo ipo siri moja ambayo wengi hawaigusi. DPI 400 kwa sensi 4 na DPI 1,600 kwa sensi 1 hugeuza sawa, kama sentimita 26 kwa mzunguko mzima, lakini haziendi sawa. Ya kwanza husogea digrii 0.088 kwa kila hatua. Katikati ya skrini yenye upana wa pikseli 1,920, pikseli moja ya Counter-Strike hufunika takriban digrii 0.08. Maana yake alama ya kulengea inaruka, na adui aliye mbali, ambaye kichwa chake ni pikseli chache tu, unaweza kumpita bila kosa la mkono wako. Ya pili hupiga hatua za robo ya hizo.

Basi dhiraa au shibiri? Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts aliwapa watu kalamu ya chuma wagonge vibao viwili kwa zamu, akaona kwamba muda hutegemea uwiano kati ya umbali wa shabaha na upana wake. Ukipandisha sensi, mwendo wa mkono unafupika, lakini na upana wa shabaha unapungua mkononi mwako kwa kiasi kilekile. Uwiano haubadiliki hata kidogo! Kinachobadilika ni kiungo kinachofanya kazi. Sensi ya shibiri huachia kifundo cha mkono na vidole, vyepesi lakini vyenye mtetemo ambao sensi inaukuza. Sensi ya dhiraa huita kiwiko na bega, ambavyo vimetulia zaidi lakini vinahitaji uwanja.

Kwa hiyo anza na meza, usianze na namba ya bingwa fulani. Kwanza zima ule mpangilio wa Windows unaoongeza kasi ya mshale kadiri mkono unavyokwenda haraka, maana ukiwepo, sentimita zilezile zinaweza kuleta mgeuko tofauti kila mara, na mkono hautajifunza lolote. Kisha ingia uwanja wa mazoezi, weka kipanya ukingoni mwa kitambaa na ukiburute hadi ukingo wa pili. Usipoweza kugeuka nyuma kwa mburuto mmoja, sensi iko chini mno kwa meza hiyo. Halafu tembea ubavuubavu huku ukiilenga alama moja ukutani. Ukiipita mara kwa mara, punguza sehemu ya kumi. Ukichelewa nyuma yake, ongeza hivyohivyo. Ukishatulia, iache wiki kadhaa, kwa kuwa mkono unakariri polepole.

Tazama picha za mashindano makubwa. Utaona kibodi zimewekwa mshazari, nyingine karibu zimesimama wima, na kiti kimesogezwa pembeni. Wachezaji hao wanakisafishia kiwiko njia, ili dhiraa yao ipate mahali pa kupita.