Jina la Arap Halitoshi: Kutafuta Nasaba Katika Nchi ya Chai

Kimnyole arap Turukat alimzaa Koitalel arap Samoei. Koitalel akamzaa Barsirian arap Manyei. Hivyo ni vizazi vitatu vya familia moja, tena familia iliyoogopwa na serikali ya kikoloni kuliko nyingine yoyote katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, na hakuna jina hata moja lililotoka kwa baba likamfikia mwana. Kimnyole alikuwa na wana wengine pia, akiwemo Kipchomber arap Koilegen na Kibuigut arap Sing'oei, kila mmoja na arap yake. Anayetafuta ukoo kwa jina la mwisho, kama afanyavyo mtu wa London, angewapita wote hawa bila kujua kwamba ni damu moja.

Kosa hilo hufanywa kila siku Kericho na Bomet, kwa Wakipsigis. Kijana anaitwa Rotich, anaanza kukusanya akina Rotich. Lakini Kiprotich ni mtoto aliyezaliwa ng'ombe wakirudi zizini, Kiplangat alizaliwa jioni, Kipkoech alfajiri, Kibet mchana. Kijana alipotoka jandoni alipewa arap, yaani mwana wa, na mara nyingi jina lililofuata lilitokana na lile la baba yake: mwana wa Kiplangat akawa arap Lang'at. Kwa hiyo jina hilo kwenye kitambulisho chako linakuambia saa aliyozaliwa mzee fulani, basi. Halisemi alikuwa wa ukoo gani. Shule, misheni na ofisi za serikali ndizo zilizoligandisha likawa la familia nzima. Mfano ulio wazi ni wa Rais Daniel Toroitich arap Moi: baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii, na hapo utaona Moi ilivyopatikana. Watoto wa rais wakabaki na jina la Moi, nalo sasa ni jina la nyumba.

Juu ya hayo, mtu mmoja alikuwa na majina kadhaa. Kuna lile la kurenet: mtoto mchanga alitajiwa majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, na lile alilolipigia chafya likawa lake, kwa kuwa mzee huyo ndiye aliyekubali kurudi. Kuna jina la saa au tukio la kuzaliwa. Kuna arap. Kuna la utani, ambalo wakati mwingine ndilo pekee kijiji kilikumbuka. Karani aliandika alilosikia, kwa tahajia aliyoipenda siku hiyo. Sing'oei, Singoei na Singoe wanaweza kuwa mtu mmoja katika faili moja.

Sasa tushike nini? Mtafiti mzoefu huuliza kwanza oret, yaani ukoo, pamoja na tiondo, mnyama wa ukoo huo. Kwa kuwa oret ndiyo iliyoamua nani haoi wapi, familia huikumbuka hata pale ambapo jina la babu limesahaulika. Kisha huuliza ibinda, rika la tohara, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa tamu. Marika ya Wakipsigis huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kipnyige, Nyongi, halafu Maina tena baada ya zaidi ya miaka 100. Mzee asiyejua mwaka wa kuzaliwa kwa baba yake atakuambia bila kusita kwamba alikuwa Nyongi. Ukilinganisha na wenzake wa rika hilo waliotajwa katika nyaraka zenye tarehe, unapata makadirio yasiyo mabaya. Rika pia linakusaidia kumhoji msimulizi: baba na mwana hawawi ibinda moja. Ukiambiwa wote wawili walikuwa Kaplelach wa mzunguko mmoja, jua kuna kizazi kilichodondoka, au ndugu aliyegeuzwa baba.

Swali la tatu ni nyumba ya mama. Mzee mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na mali na kumbukumbu viligawanyika kwa nyumba. Shajara ya ukoo isiyotaja akina mama huchanganya watoto wa nyumba hizo, na mara nyingi ugomvi wa shamba unaofika mahakamani leo umeanzia hapo.

Tuirudie familia ya Kimnyole, yaani Talai, ukoo wa maorgoiyot, viongozi wa kiroho. Wanandi walimuua Kimnyole mwaka 1890. Wanawe wakagombea nafasi yake, Koitalel akabaki Nandi na Kipchomber akaenda kwa Wakipsigis. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliuawa na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Mwaka 1914 Kipchomber na nduguze wakaondolewa Kericho na kupelekwa uhamishoni katikati ya Kenya. Barsirian alikamatwa 1923 akaachiliwa 1964, uhuru ukiwa umeshapatikana. Kabla ya hapo, mwaka 1934, ilitungwa sheria ya kuwaondoa Talai wote kwa jumla, na karibu watu 700, wanawake na watoto wakiwemo, wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya joto na mbung'o. Walianza kuruhusiwa kurudi 1962.

Kwa mtafuta nasaba, hapa kuna jambo chungu. Huwezi kuhamisha ukoo mzima bila kuamua nani ni wa ukoo huo. Barua zilikwenda na kurudi kati ya Kericho, Kisumu na Nairobi zikibishana kuhusu mtu na mtu. Ndiyo sababu Talai wana maandishi mengi kuliko majirani zao walioachwa kwa amani. Mkipsigis ambaye babu yake hakumsumbua yeyote ataambulia kimya katika faili.

Maandishi hayo yasomwe kwa tahadhari. Yaliandikwa na watu waliotaka kuthibitisha hatari, si undugu. Mabinti walioolewa nje hupotea ndani yake, na wapo waliojificha katika koo nyingine ili wasipelekwe Gwassi. Wajukuu wao huenda wakajua siri hiyo nyumbani tu. Faili ikipingana na bibi, mimi sianzi kwa kuiamini faili.

Kwa wafanyakazi wa mashamba ya chai njia ni nyingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 za ardhi ya Kericho zilitengewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai. Wakipsigis wengi hawakutaka kibarua cha kudumu, hivyo kambi zikajaa watu wa Nyanza: Wajaluo, Wakisii, Waluhya. Mjukuu wao aliyezaliwa kambini huenda hana kaburi la babu la kuonyesha. Anachoweza kuwa nacho ni kipande, cheti cha ajira cha wanaume kilichoanza kutumika kati ya mwaka 1919 na 1920, kikavaliwa shingoni katika kikopo cha chuma, kikiwa na jina, kabila, alama za vidole na majina ya waajiri. Usikitupe. Kuandikisha vizazi vya Waafrika kwa lazima kulienea nchini miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 tu, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha babu usikitarajie.

Wenye mashamba wenyewe ni rahisi kuwafuatilia, hata bila kuinuka kitini. Gazeti rasmi la serikali, linalotoka tangu 1899, lilichapisha mirathi yao, viwanja vyao, hata orodha za wazee wa baraza la mahakama. Lakini shajara zao pia zina matawi yasiyotarajiwa. Ian Orchardson, mwana wa mchoraji mashuhuri wa Uskoti William Quiller Orchardson, aliishi Kericho, akaoa kwa Wakipsigis na kuandika kitabu juu yao kilichochapishwa 1961. Nasaba ya namna hiyo haisomeki kwa upande mmoja.

Siku hizi watu huniambia kipimo cha DNA kitamaliza ubishi. Kwa baba asiyejulikana, ndiyo, kinasaidia sana. Lakini mila ya Kipsigis inamruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mwanamke mwenziwe, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake na wa ukoo wa mumewe, hata kama damu yao ni ya mwingine. Wapo pia waliopokewa kutoka Kisii na Umaasai wakawa Wakipsigis kamili. Maabara itawakata watu hao. Mila haiwakati, na shajara yenye heshima haipaswi kuwakata.

Haya si mambo ya kujifurahisha tu. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliyakubali madai ya Wakipsigis na Talai kuhusu dhuluma za kihistoria, na mwaka 2022 yakapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Fidia ikifika siku moja, swali la kwanza litakuwa: wewe ni mjukuu wa nani?

Kwa hiyo ukifika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, usiombe faili za Bomet. Bomet ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kericho hadi 1992, na Kericho wakati wa ukoloni ilikuwa ndani ya Mkoa wa Nyanza. Omba makusanyo ya DC/KER na PC/NZA. Wakipsigis utawakuta wameitwa Lumbwa, Talai wameitwa Laibons. Uwe na majina yote ya babu yako mkononi, la kurenet likiwemo, na ibinda yake.