Kikoi, Msuli na Saruni: Habari za Nguo za Kujifunga Kiunoni

Mara kwa mara walimu wa mitaa hutuuliza swali hili: Je, yafaa Mkristo avae kikoi? Huku mlimani huulizwa zaidi kuliko pwani, wala sababu yake si ngumu kuiona. Mtu wa pwani amezaliwa akaikuta nguo hii, haoni haja ya kuuliza habari zake. Kwetu Kilimanjaro ilipanda na misafara, ikafika mikononi mwa watu waliokuwa na dini yao, na kwa hiyo wengi wetu tumeyafunga mambo hayo mawili kwa fundo moja. Katika maneno haya machache twapenda kulifungua fundo hilo. Tutaeleza kwanza majina ya nguo hizi, kisha asili yake, na njia iliyozileta huku, na jinsi zivaliwavyo, na mwisho sababu za kupendwa kwake hata leo, ijapokuwa suruali imeenea kila mahali.

MAJINA YAKE

Jina lenye maana pana kuliko mengine ni shuka. Zamani za misafara shuka ilikuwa kipimo cha biashara: mikono 4 ya nguo, yaani yadi 2, ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Nguo ya urefu huo yatosha kumzunguka mwanamume kiunoni na kumfika chini ya magoti, na kwa hiyo kipimo na vazi vikaitwa kwa jina moja.

Kikoi ni nguo ya pamba, aghalabu nyeupe katikati, yenye mistari ya rangi katika pindo zake na matamvua katika ncha zake mbili. Msuli ni nguo ya rangi, yenye mistari au miraba. Saruni ni ile iliyoshonwa ncha kwa ncha hata ikawa kama gunia lisilo na kitako; mvaaji huingia ndani yake, kisha huikunja. Jina saruni limetoka katika lugha ya Kimalai, ambamo sarung maana yake ni ala au kitu cha kufunikia. Walakini maneno haya huingiliana. Katika soko la Mbuyuni, Moshi, tumesikia nguo moja ikiitwa msuli na muuzaji, na saruni na mnunuzi, nao wakapatana bei bila ya kugombana juu ya jina.

Yako na majina ambayo vijana wetu hawayajui tena. Debwani ilikuwa nguo iliyofumwa Maskati, na sahari ni nguo ya miraba ambayo jina lake latukumbusha mji wa Sohar, katika nchi hiyo hiyo ya Omani. Waarabu wenyewe huliita vazi la kiunoni izari. Waomani husema wizari, watu wa Yemeni husema futa au maawazi, na Wasomali wamelichukua neno hili la mwisho wakalifanya macawiis. Mwalimu ayapangaye majina haya mbele yake ataiona ramani: nchi za Wamalai, Omani, Yemeni, Usomali na pwani yetu. Zote ni nchi za bahari moja, ambayo majahazi yaliipita kwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi.

ASILI YAKE

Wako wasemao kwamba nguo hii imeletwa na Uislamu. Sivyo. Waarabu walivaa izari kiunoni na rida mabegani kabla ya Mtume Muhamadi. Dini mpya iliwakuta nazo. Hata leo mwanamume aendaye kuhiji Makka huvua nguo zake zilizoshonwa, akavaa ihramu, nazo ni shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, moja kiunoni na moja mabegani. Hapo vazi la kale limehifadhiwa ndani ya ibada.

Tena vazi la namna hii halina dini moja. Tazama Wakristo wa Kerala, katika pwani ya Malabari, Bara Hindi. Kanisa lao ni la kale sana, nao husimulia kwamba Mtume Tomaso ndiye aliyewahubiri mababu zao. Wanaume wao wengi wamezoea kwenda kanisani wamevaa mundu, ambayo ni shuka nyeupe ya kujifunga kiunoni, na jirani zao Wahindu huivaa vile vile. Hapana padre aliyewafukuza kwa ajili ya nguo hiyo.

Katika pwani yetu ushahidi ni wa zamani pia. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja katika Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa nguo za heshima na mwenye mji, na mojawapo ilikuwa futa ya hariri ya kujifunga kiunoni. Naye akaandika ya kuwa watu wa mji ule huivaa mahali pa suruali, maana suruali hawaijui. Aliandika tena kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hata Misri. Baadaye Wareno walizisifu nguo za hariri za Pate. Twalitaja jambo hili ili mwalimu asiwafundishe watoto kwamba watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakingoja tu kuletewa nguo. Walikuwako wafumi, na kitanda cha mfumi, na mtande na mshindio, na maneno haya ya kazi yao yangali katika lugha yetu.

NJIA YA KUFIKA MLIMANI

Wachagga wa kale walivaa ngozi. Nguo za pamba zilipanda na misafara ya pembe na watumwa, iliyotoka Pangani na Mombasa. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huu tarehe 11 Mei 1848, aliongozwa na mtu wa pwani jina lake Bwana Kheri, aliyekuwa ameizoea njia. Rebmann aliporudi mwaka 1849 alinyang'anywa mali yake na Mangi Mamkinga wa Machame, mali aliyoiweka kwa safari ya Unyamwezi. Kwa kisa hiki twafahamu nguo ilikuwa nini siku zile: pamoja na ushanga ndiyo iliyokuwa fedha, na ushuru, na zawadi ya mangi. Iliyopita zote kwa wingi ni merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa, ambayo biashara yake ilistawi baada ya mapatano ya Sultani Saidi na Marekani ya mwaka 1833. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865 vilipoizuia, nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua mahali pake.

Basi, ikiwa nguo ni fedha, aliyejifunga nguo alionekana mwenye nazo. Kwa wamangi wa siku zile Unguja ilikuwa mji wa utukufu, na mtu aliyevaa kama watu wa pwani alionyesha ya kuwa anajulikana mbali. Mwaka 1885 Sultani Barghash alimtuma Jenerali Mathews huku mlimani, na wamangi wengi wakaipokea bendera yake. Lakini mwaka huo huo Wadachi nao wakafika kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, wakafanya naye mkataba wao.

Kisha zikaja misheni, Kilema mwaka 1891 na Machame mwaka 1893, na reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Watoto wa shule walivaa shati na kaptula. Aliyefuata desturi za pwani alivaa kanzu na kikoi. Hivyo nguo ikawa kama bendera: ukimwona mtu kwa mbali wasema huyu ni wa upande fulani. Walakini hapa pana jambo la kuchekesha. Katika misheni nyingi za Afrika ya Mashariki walimu wa kwanza wenyewe walivaa kanzu nyeupe, nayo ni vazi la pwani hiyo hiyo. Tuliipokea kanzu, tukaikataa shuka ivaliwayo chini yake.

JINSI YA KUJIFUNGA

Kwa kuwa wengi huku hawajafundishwa, tutaeleza. Mvaaji huishika nguo nyuma ya mgongo wake, pindo moja ikiwa juu ya kiuno na nyingine ikikaribia vifundo vya miguu. Huuleta upande mmoja mbele hata nyongani, akaubana. Kisha huuleta upande wa pili juu yake, akaukaza. Hapo huukunja ukingo wa juu kwa nje mara mbili au tatu, akiuviringa kuzunguka kiuno, na mkunjo huo ndio uishikao nguo. Wengine huchomeka ncha ndani, na wengine hufunga mshipi juu. Ajuaye kukunja hutembea, huinama na kuketi bila ya hofu. Asiyejua hushika kiuno chake siku nzima.

Mvuvi aingiapo majini huipandisha, au huzipitisha ncha zake katikati ya miguu na kuzichomeka nyuma, na huku ndiko kuitwako kupiga uwinda. Lubega ni namna nyingine: nguo hupitishwa chini ya kwapa moja na kufungwa juu ya bega la pili, kama wafanyavyo Wamasai wa tambarare. Tusiyachanganye maneno haya tunapowafundisha watoto insha, maana kila moja lina mwili wake.

SABABU ZA KUPENDWA KWAKE

Ya kwanza ni kwamba nguo hii haimchagui mtu. Haina kipimo cha mshonaji. Aliyenenepa na aliyekonda, baba na mwanawe, wote huivaa ile ile. Ya pili, hupitisha upepo, na katika joto la Moshi mjini mwezi wa Februari kila mtu aijua thamani ya jambo hilo. Ya tatu, husitiri: mwenye kuivaa vema hufunikwa tangu kiuno hata chini ya magoti, kuliko kaptula nyingi tulizozivaa shuleni. Ya nne, kazi zake ni nyingi. Hiyo hiyo ni shuka ya kulalia, na kitambaa cha kujifutia maji, na kivuli cha mtoto njiani.

Ya tano twaiona kuwa kubwa kuliko hizo, nayo ni raha ya nyumbani. Jioni, kazi ikiisha, baba huoga, akavua suruali ya ulimwengu na kujifunga msuli; na watoto wakimwona hivyo hujua ya kuwa haondoki tena. Jambo hili huonekana Unguja na Lamu, na huonekana pia Majengo na Pasua hapa Moshi, katika nyumba za Waislamu na za Wakristo.

Sifa yake imefika mbali. Wageni wajao kuupanda mlima hununua vikoi wakavipeleka kwao. Hata mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilitaka neno kikoi, kwa tahajia yake ya Kiingereza, liandikishwe huko kuwa alama yake ya biashara. Watu wa Kenya walilipinga ombi hilo, nalo likaachwa. Kumbe neno ambalo sisi twaliona dogo, wengine waliliona kuwa mali.

KOSA LETU

Hatuandiki haya kama watu wasio na hatia. Tulipokuwa walimu vijana katika mtaa mmoja wa mlimani, alikuja darasani mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi Tanga, naye alitaka kufundishwa abatizwe. Alikuwa amevaa shati safi na msuli uliopigwa pasi. Mbele ya watu tulimwambia, "Meku, rudi nyumbani ukavae nguo ya kanisani." Hakujibu neno. Alirudi, wala Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Mwaka ukapita. Tulipokwenda kumtazama alikuwa mgonjwa, amelala, na ule msuli umekunjwa juu ya sanduku karibu na kichwa chake. Tukamwomba radhi. Akasema, "Mwalimu, suruali yangu ni ya shambani, ina matope ya kahawa. Ile ndiyo niliyoitunza." Hakusema zaidi. Alibatizwa kitandani mwezi ule ule, naye alikuwa amejifunga nguo yake.

Tangu siku hiyo tumejifunza kuuliza kabla ya kuhukumu. Mzee yule alituletea kilicho bora katika nyumba yake, nasi tulikiona kuwa ishara ya ugeni, kwa sababu habari zake hatukuzijua. Bwana wetu naye, usiku ule alipowaosha wanafunzi wake miguu, alijifunga kitambaa kiunoni.

Basi, kwa walimu waliouliza jibu letu ni hili. Kikoi ni vazi la bahari na la watu wake wote. Aliyejifunga vema amejisitiri, na ajaye mbele ya Mungu amejisitiri, amevaa. Tena twawaomba wasomaji wetu jambo moja la elimu. Katika kila mtaa wangali wako wazee waliofanya kazi Tanga, Pangani na Mombasa. Waulizeni majina ya nguo walizozivaa, na vipimo vyake, na namna za kuzifunga, mkayaandike pamoja na mahali yalipotumika. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na jina la nguo likiisha kusahauliwa, kulirudisha ni kazi ngumu kuliko kuifuma nguo yenyewe.