Khati ya Kuagiza na Haki ya Mkono wa Fundi

 

Ni nyumba chache zetu ambazo hazina khati ya Kiarabu ukutani. Nyingi ya hizo zimechapwa kiwandani. Lakini wako wanaomwendea fundi na kumwagiza awaandikie kwa mkono maneno wanayoyataka, kwa kipimo cha ukuta wao. Huko huzuka maneno: mwagizaji hulalamikia bei na ucheleweshaji, na fundi hulalamika kuwa ameachiwa kazi isiyoweza kununuliwa na mtu mwingine. Basi tumtazame fundi mmoja aishiye kwa kazi za kuagizwa, kisha tuone wanazuoni wamesema nini.

Mohamed Zakariya alizaliwa mwaka 1942 katika jimbo la California, Marekani, kwa wazazi wasiokuwa Waislamu. Akiwa kijana aliona kipande cha khati katika dirisha la duka la mazulia la Muarmenia mmoja. Kivutio hicho hakikumtoka moyoni. Alisafiri hadi Morocco, akasilimu, akajifunza Kiarabu, na kwa miaka mingi akajifundisha khati mwenyewe. Mwaka 1984 alifika Istanbul, mji wa mabingwa wa fani hii, na huko akatakiwa aanze upya tangu herufi ya kwanza. Alikuwa mtu mzima wa miaka 42. Akakubali. Aliketi chini ya ustadhi Hasan Çelebi, na kwa khati ya taaliki chini ya Ali Alparslan, akapata ijaza mwaka 1988 na nyingine mwaka 1997. Ni Mmarekani wa kwanza kuipata ijaza hiyo ya Istanbul. Sisi tuliopitia madrasa tunajua uzito wa ijaza: si cheti cha kuhudhuria tu, bali ni mwalimu kumkabidhi mwanafunzi silsila aliyoipokea kwa waliomtangulia.

Idara ya Posta ya Marekani ilipotaka stempu ya Idi, ilimwagiza yeye. Maneno yalikuwa mawili tu, “Idi Mubarak”, na akayaandika kwa khati ya thuluthi, ambayo upana wa herufi zake hustahimili kufumwa pamoja. Wino mweusi aliutengeneza mwenyewe. Kalamu zake zilikuwa za matete yaliyokaushwa ya Mashariki ya Kati, na nyingine za mwanzi wa Kijapani uliooteshwa Hawaii. Karatasi ilipakwa wanga, kisha tabaka tatu za shabu na ute wa yai, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ikalainika, halafu ikawekwa kwa zaidi ya mwaka ndipo ikafaa kuandikiwa. Rangi ya dhahabu juu ya buluu iliyoonekana katika stempu iliongezwa baadaye kwa kompyuta.

Anayeuliza kwa nini maneno mawili yawe ghali, na aihesabu karatasi hiyo kwanza, kabla hajaihesabu miaka ya Istanbul.

Stempu ilitolewa tarehe 1 Septemba 2001. Siku kumi baadaye yakatokea mashambulizi ya New York na Washington, na wakatokea watu waliodai stempu hiyo iondolewe. Haikuondolewa, na mwaka 2002 ikatolewa tena kwa thamani mpya. Mimi naona pia kuwa maneno yake yaliafikiana na mahali pake: stempu hugongwa muhuri na bahasha hutupwa, na salamu ya Idi haina hatari ya kuvunjiwa heshima kama ambavyo ingekuwa kwa aya.

Sasa tuje kwenye sheria. Asili ni kuwa mtu haruhusiwi kuuza asichokuwa nacho, na khati iliyoagizwa bado haipo. Lakini imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alitengenezesha pete ya fedha yenye nakshi ya jina lake kwa ajili ya kupigia muhuri barua, na kwamba alimtumia ujumbe mwanamke wa Kiansari amwambie mtumwa wake seremala atengeneze mimbari. Kwa mazoea kama haya Mahanafi wakaruhusu mkataba wa istisnai, yaani kumwagiza fundi kitu atakachokitengeneza kwa vifaa vyake. Kwetu pwani, tulio wengi wa madhehebu ya Shafi, agizo kama hilo hupitishwa katika mlango wa salamu, na sharti lake ni bei yote kulipwa pale pale kwenye kikao. Basi yule anayetoa nusu leo na nusu siku ya kukabidhiwa, ajue kuwa anafuata njia ya Mahanafi. Njia hiyo iliungwa mkono na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao cha Jeddah cha mwaka 1992: istisnai inazifunga pande zote mbili, madhali sifa za kitu zimebainishwa na muda umewekwa, na bei yaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa awamu.

Kwa hiyo mwagizaji na ataje maneno yenyewe, aina ya khati, kipimo, karatasi na tarehe, na yote yaandikwe. Kazi ikija kinyume cha sifa hizo, ana haki ya kuikataa. Majalla ya Dola ya Uthmania, iliyokamilishwa mwaka 1876, ilisema hivyo hivyo. Lakini ikija kama ilivyosifiwa, hana ruhusa ya kumwachia fundi kwa sababu tu amebadili rangi ya mapazia, au ameona nyingine ya bei nafuu dukani. Nani atanunua khati yenye jina la ukoo wa mtu mwingine?

Zakariya naye aliagizwa tena. Mwaka 2009 aliandika kazi iliyotolewa na Rais Barack Obama kuwa zawadi kwa Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia. Mwaka 2011 ikatoka stempu mpya ya Idi yenye mandhari nyekundu, na mwaka 2013 nyingine ya kijani, zote kwa kalamu yake.