Unanunua gari Dar? Chungulia kwanza chini ya dashibodi

WAFANYABIASHARA na warejeaji wengi wanaonunua magari yaliyotumika Dar es Salaam na kuyaendesha hadi Bujumbura wana mazoea yao ya ukaguzi. Wanagonga bodi, wanatazama matairi, wanasikiliza giaboksi, wanabishana juu ya kilomita. Ni wachache mno wanaoinama kuchungulia chini ya dashibodi. Baada ya kuzunguka kwenye gereji za Buyenzi kwa siku kadhaa, nimeona kwamba kwa anayenunua gari la turbo, hapo ndipo pa kuanzia.

Kinachotafutwa ni kisanduku kidogo chenye kioo na vitufe, ambacho hakikuwekwa na kiwanda kilichounda gari. Mara nyingi kiliongezwa na mwenye gari wa kwanza kule Japani. Kampuni ya A'PEXi ya huko iliuza kifaa cha namna hiyo kiitwacho S-AFC, na vipo vya kampuni nyingine. Kazi yake ni kubadili uwiano wa hewa na petroli inayochomwa ndani ya injini. Kwetu baadhi ya mafundi wamekibatiza jina la 'kipunguza mafuta', na jina hilo ndilo linalowaponza watu.

Ni rahisi kuelewa kwa nini jina hilo linapendwa. Tangu mwaka 2021 Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta. Msomaji anazikumbuka foleni za kulala kituoni, na petroli ya bidoni iliyouzwa vichochoroni kwa bei aliyoitaka muuzaji. Katika hali hiyo, fundi akikwambia kwamba anaweza kubonyeza kitufe mara tatu na gari lako likala pungufu kwa sehemu moja ya kumi, utamwacha aondoke?

Sasa tuone kitufe hicho kinafanya nini. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja huhitaji hewa kilo 14.7 hivi. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo inataka hewa inayokaribia kilo 11. Ukiipima hewa hiyo kwa lita, kwa hali ya pwani, ni zaidi ya lita 9,000. Gari la kisasa lina sensa kwenye bomba la hewa, baada ya chujio, inayopima hewa inayoingia na kupeleka taarifa kwa kompyuta kupitia waya mmoja. Kompyuta inapiga hesabu na kuziamuru nozeli zifunguke kwa muda gani.

Kisanduku hukaa katikati ya waya huo. Waya hukatwa, taarifa ya sensa huingia kwenye kisanduku, na inayotoka kwenda kwenye kompyuta ni nyingine. Ukikiweka kwenye kutoa tano, kompyuta inaambiwa kwamba hewa ni pungufu kwa asilimia 5 kuliko ilivyo kweli, nayo inapunguza petroli. Kwa maneno mengine, kisanduku hakina petroli yake wala akili yake. Ni mkalimani, na unamlipa ili adanganye.

Uongo wenyewe haufanyi kazi mahali unapoutaka. Gari linapokwenda polepole, tambarare, bila mzigo, kompyuta haitegemei sensa ya hewa peke yake. Inayo sensa nyingine kwenye bomba la moshi, ya oksijeni, inayoiambia kama petroli imezidi au imepungua. Ikiona imepungua, inaongeza. Utapunguza asilimia 5 kwa kitufe leo, na baada ya mwendo wa siku chache kompyuta itakuwa imejifunza na kuirudisha asilimia 5 hiyo. Dereva anaapa kwamba gari linakula kidogo, lakini tangi halimuungi mkono.

Ukikanyaga mafuta hadi chini, kama unapopanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, mambo hugeuka. Hapo kompyuta huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kufuata jedwali lake. Injini yenye mzigo huhitaji petroli nyingi kuliko ile hesabu ya 14.7, za turbo hupewa kilo moja kwa hewa kilo 11 au 12, kwa sababu petroli ya ziada hupoza chumba cha moto. Sasa hakuna wa kuusahihisha uongo wa kisanduku. Na kwa kuwa kompyuta inaamini hewa ni kidogo, inadhani pia mzigo ni mdogo, basi inairusha cheche ya plagi mapema zaidi. Petroli imepungua, joto limepanda, na moto umewashwa kabla ya wakati wake, vyote kwa pamoja, na mlima bado haujaisha.

Nilikutana na mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, aliyerejea kutoka Kigoma na sasa anaishi Rumonge. Alinunua gari la turbo Dar na kulifikisha Kobero bila tatizo. Bujumbura fundi fulani alikikuta kisanduku, akafurahi, 'akambania mafuta', kama alivyosema mwenyewe. Wiki ya tatu, akielekea Gitega na mizigo, alianza kusikia sauti kama changarawe kwenye mkebe. Akaongeza sauti ya redio. Kabla ya kufika Bugarama gari lilitoa moshi wa buluu na kupoteza nguvu.

Nilikuwapo injini ilipofunguliwa Buyenzi, katika gereji nyingine. Pistoni moja ilikuwa imetoboka pembeni, tundu la kupitisha ncha ya kidole, na plagi yake ilikuwa nyeupe kama chokaa. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Nyeusi yenye masizi maana yake petroli imezidi, nyeupe maana yake imepungua.

"Fundi, gharama yake ni mtaji wangu wa vitenge," alisema yule mama.

"Mama, usimkasirikie kisanduku," alimjibu fundi. "Mkasirikie aliyekibonyeza bila kupima."

Nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba neno 'kupima' ndilo kiini cha jambo hili. Sensa ya oksijeni ya kawaida, katika magari mengi ya umri huo, hujua kusema mawili tu: imezidi au imepungua. Haisemi kwa kiasi gani. Anayetaka kugusa mchanganyiko anahitaji sensa ya aina nyingine, yenye upeo mpana, inayofungwa kwenye bomba la moshi na kuonyesha namba kwenye saa yake huku gari likipanda mlima. Fundi yule anayo, na alichomelea mwenyewe kikombe cha kuifungia. Asiye nayo anaongozwa na sikio na pua. Enzi za kabureta hilo lilitosha. Mzee mmoja wa hapo Buyenzi alinieleza jinsi walivyobadilisha kijitundu cha petroli kwenye kabureta za Peugeot zilizopanda kwenda kuishi mikoa ya juu, kwa sababu kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na kabureta haijui hivyo. Sensa ya hewa inajua. Kwa hiyo anayekuambia kwamba gari lako la sindano lazima 'lisetiwe upya' kwa ajili ya milima yetu anakuuzia huduma ya mwaka 1980.

Kuna jambo la petroli yenyewe. Wajapani wenye magari ya turbo hujaza petroli ya daraja la juu, ambayo kwao hukaribia oktani 100. Mtu aliyekibonyeza kisanduku kule Japani alikibonyeza kwa petroli hiyo. Pampu za kwetu hazifiki hapo, na petroli ya bidoni, ambayo huenda imeonjeshwa mafuta ya taa njiani, iko chini zaidi. Kwa hiyo hata kisanduku kilichosetiwa kwa ustadi Osaka kinaweza kuua injini hapa bila mtu yeyote kukigusa.

Je, basi kikatwe na kutupwa? Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Wajapani wengi hawakukifunga ili kuokoa mafuta. Walifunga nozeli kubwa kuliko za kiwandani ili kupata nguvu, kisha wakakitumia kisanduku kupunguza ziada. Ukikitoa ukaacha nozeli hizo, kompyuta itaziamuru kama zile ndogo, na petroli itamiminika. Gari litatoa moshi mweusi, litaosha oili kwenye kuta za silinda, na kichujio cha moshi kitaungua. Cha kufanya ni kuzisoma namba zilizo kwenye nozeli, kuzilinganisha na za kiwandani, kuzirudisha za asili kama zilibadilishwa, ndipo waya wa sensa uunganishwe kama zamani, kwa kuchomelewa na risasi, si kwa kusokotwa na kufungwa plasta.

Kabla ya kulipa, pale pale yadi, omba skana iunganishwe gari likiwa limepata moto. Ipo namba inayoonyesha kompyuta imeongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi kwa muda mrefu. Ikicheza ndani ya 5, juu au chini, hakuna ubishi. Ikipita 10 kuna kinachodanganya mahali fulani: pengine ni kisanduku, pengine hewa inavuja, pengine sensa ni chafu. Muuzaji akikataa skana, yadi za Dar ni nyingi.

Anayetaka kweli kupunguza matumizi aanze na chujio la hewa, plagi, upepo wa matairi na sensa ya oksijeni iliyochoka, ambayo peke yake huweza kumpotezea mafuta mengi kuliko anayodhani. Haya hayana kioo wala vitufe, ndiyo maana hayamvutii mtu.

Gari la yule mama lilipata pistoni nne na nozeli za asili. Kisanduku alikiuza hapo hapo gereji, kwa kijana mwenye gari la turbo aliyekuwa akisubiri zamu yake.