Laini ya Kijana Ina Jina la Mzazi

Tangu Januari 20, 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa nchini Tanzania, kijana wa kidato cha pili wa Musoma au Bunda, ambaye hajafikia miaka 18 ya kupewa kitambulisho cha taifa, aghalabu hutumia laini iliyo katika jina la baba, mama au mlezi wake. Idhini ya kuitumia, basi, ilitoka kwa mkubwa, na mwenye kutoa idhini ana haki, tena ana wajibu, wa kuiwekea mipaka.

Zamani mipaka ya namna hiyo iliwekwa na dola. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliiongoza nchi hata 1985 pasipo Tanzania Bara kuwa na televisheni, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Bara ilingoja mpaka 1994. Zama zile dola iliweza kuufunga mlango wa picha. Leo Australia imejaribu kuufunga tena, kwa sheria iliyoanza Desemba 2025 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Lakini kwetu mkoani Mara bawabu aliye karibu zaidi ni mzazi.

Shule zetu nyingi hukataza simu, kwa hiyo mtihani wenyewe wa mzazi huja likizo ya Juni na Desemba, na huja usiku. Mama mchuuzi wa dagaa pale Mwigobero, Musoma, anayemkabidhi mwanawe simu amsomee ujumbe wa fedha zilizoingia, huenda asiweze kukagua programu moja moja katika simu ya kijana. Lakini chaji anaweza kuisoma. Simu iliyolala imejaa ikaamka na asilimia kumi, na kijana akaamka na macho mekundu, imekwisha kutoa ushahidi. Mwili wa umri ule hutaka usingizi wa saa nane hadi kumi, na hakuna bando la usiku, hata liwe rahisi namna gani, linaloweza kuufidia.

Rai yangu ni kwamba simu zote za nyumba, ya baba ikiwamo, zilale sebuleni. Maana amri isiyomgusa mwenye kuitoa haidumu. Kupokonya na kuvunja kwa ghadhabu sikuafiki kabisa: kijana aliyevunjiwa simu huazima ya mwenziwe, au hukimbilia kibanda umiza, na lililo baya zaidi, hujifunza kuficha.

Na kuficha ndiko kunakomwangamiza binti anayetishiwa na mtu kwamba picha zake zitasambazwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo. Mzazi mwenzangu, siku mwanao atakapokuletea habari kama hiyo, usianze kwa kumkaripia wala usifute ujumbe hata mmoja. Mshike mkono, ichukue simu kama ilivyo, mwende naye dawatini siku hiyo hiyo.