Dumuzi: Mtoboa Miti Aliyehamia Ghalani

Ukigonga nguzo ya kihenge huko Sikonge, mkoani Tabora, ukaona unga laini ukimwagika kutoka kwenye vitundu vidogo vya mviringo, usikimbilie kusema ni mchwa. Huenda ni dumuzi, na chakula cha familia kiko hatarini.

Asili yake
Dumuzi (Prostephanus truncatus) ni mdudu mvamizi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Inaaminika aliingia nchini na shehena ya mahindi mwishoni mwa miaka ya 1970, akatambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kutoka hapo alisambaa katika nchi nyingi za Afrika, hasa kwa kusafirishwa na nafaka.

Jinsi ya kumtambua
Ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5, rangi ya kahawia iliyokoza na mwili wa mviringo kama kipande cha penseli. Kichwa chake kimefichwa chini ya kifua, na sehemu ya nyuma ni kama imekatwa kwa kisu. Usimchanganye na fukusi, ambaye ana pua ndefu iliyochomoza.

Kwa nini ni hatari?
Dumuzi ni wa familia ya Bostrichidae, yaani wadudu wanaotoboa miti. Taya zake zimeumbwa kwa kazi hiyo, hivyo punje ya mahindi au kipande cha muhogo mkavu havimshindi. Jike hutaga mayai ndani ya vichuguu anavyochimba, na viluwiluwi hula unga unaobaki. Utafiti uliofanywa Tabora ulionyesha kuwa baadhi ya mahindi yalipoteza hadi asilimia 34 ya uzito katika miezi michache tu ya kuhifadhiwa.

Mahindi yakiisha, dumuzi hujificha kwenye mbao na nguzo za kihenge. Pia huweza kuishi porini katika baadhi ya miti mikavu. Ndiyo maana mkulima anayetia dawa mahindi tu hushangaa kuwaona tena msimu unaofuata.

Njia za kumdhibiti
1. Kupukuchua mahindi mapema na kuyakausha vizuri. Dumuzi hutoboa kwa urahisi zaidi punje zilizoshikana kwenye gunzi.
2. Kusafisha ghala, kuchoma mabaki na kubadilisha mbao zilizotobolewa kabla ya kuingiza mavuno mapya.
3. Kuchanganya punje na dawa ya unga yenye viambato viwili: permethrini kwa dumuzi na pirimifosi-methili kwa fukusi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.
4. Kutumia mifuko isiyopitisha hewa. Oksijeni ikipungua, wadudu hufa.
5. Kutumia adui wa asili. Mdudu Teretrius nigrescens, anayekula mayai na viluwiluwi vya dumuzi, aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992.

Mtahiniwa, zingatia
Ukiulizwa njia za kudhibiti, usiishie kutaja. Eleza kila njia inamzuiaje mdudu.

Swali la marudio
Mkulima alitia dawa mahindi yake yote, lakini mwaka uliofuata dumuzi walirudi katika kihenge kilekile. Eleza sababu mbili, kisha umshauri hatua tatu za kuchukua kabla ya mavuno.